Ushahidi wa Msanapichi

Kipupwe huuvua msanapichi majani yake yote, wala hakibagui. Huanza na yale ya chini, hupanda juu polepole, hata mti ukasimama uchi, matawi yake manene yakifanana na vidole vya mtu aliyevimba mikono. Ndivyo Hidaya binti Shee alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wakaguzi waliomfuata. Kwa hiyo, alipofungua lango la shangazi yake asubuhi ile, akaukuta mti wa nyumba hiyo u mtupu upande wa barabarani na umesheheni majani upande wa ukutani, alijua ya kuwa si baridi iliyoifanya kazi hiyo. Baridi haina mkono wa kuchuma.

Bi Mwanate alikuwa ameketi kibarazani, anapepeta mchele ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Hilo Baraza lenu la Siha halikulishi?"

"Linanilisha maneno."

"Basi ndiyo yaliyokukondesha. Maneno hayana mafuta."

Hidaya alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akaukabili mti. Shangazi hakuinuka. Aliendelea kupepeta, na macho yake yakamfuata mpwa wake kama macho ya kuku yamfuatavyo mwewe.

"Shangazi, mti huu una nini?"

"Una uzee. Nywele zangu nazo zimepukutika upande mmoja, mbona hukuniuliza?"

"Nywele zako hazikuchumwa."

Bi Mwanate aliuweka ungo chini. 

Kila nyumba ya Mji wa Juu ilikuwa na msanapichi wake. Maji yote ya kuogea na ya kufulia yaliteremka katika bomba moja la udongo hadi mizizini mwake, na mti uliyanywa, ukayaonja, ukayatolea habari. Mababu waliupanda mti huo makaburini na misikitini kwa ajili ya harufu ya maua yake meupe yenye moyo wa manjano. Wataalamu waliouchagua miaka mingi baadaye hawakujali harufu. Walipenda uvumilivu wake wa kiu, upana wa majani yake, na wepesi wa utomvu wake mweupe kupanda kutoka mzizini hadi kileleni. Wakaufundisha, kwa namna ambayo Hidaya aliisomea na bado hakuweza kumweleza mtu asiyeisomea, kuitambua homa ya kimya katika maji ya nyumba kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi lolote. Mti ulipoitambua, mishipa ya majani yake iligeuka zambarau. Huo ndio ulioitwa ushahidi. Watu walisema, nusu kwa mzaha, kwamba waliacha kuwaogopa majirani zao siku walipoanza kuiogopa miti yao.

Nyumba iliyotolewa ushahidi ilifungwa, watu wazima wake wakiwa ndani. Watoto wake walipelekwa Pumziko, nyumba ya karantini, kwa sababu homa ya kimya hukaa kwa watoto bila kuwadhuru upesi, na kutoka kwao huwarukia wengine na kuwaua.

Ndani ya nyumba hii alikuwamo mtoto mmoja. Jina lake Mwanatumu, bintiye Zaituni binti Mwanate, na alikuwa bado hajatimiza siku arobaini.

*

Hidaya alivua viatu, akakunja mikono ya gauni lake, akauzunguka mti hadi upande wa ukutani ambako mkono wa shangazi haukufika. Kifuani pake kilining'inia Kioo, kibamba cheusi kisichozidi kiganja, ambacho kilikuwa kimekwisha kuamka tangu alipolivuka lango. Sheria ilimpa mkaguzi siku nzima, tangu kuingia kwake hadi adhana ya alasiri, aupapase mti kwa mikono yake mwenyewe kabla ya Kioo kumwuliza kwa niaba ya Baraza.

Aliligeuza jani la kwanza. Upande wa chini ulikuwa umejaa vumbi la rangi ya chungwa, likamshika kidoleni kama manjano ya kupikia. Kutu. Kuvu hiyo hupenda umande wa kipupwe. Dawa yake ni kuyaokota majani yaliyoanguka na kuyachoma, na kumwagilia shinani badala ya kunyunyizia juu. Jani la pili lilikuwa limekuwa manjano kati ya mishipa ilhali mishipa yenyewe imebaki kijani. Huo ni uhaba wa magnesi, na kijiko cha chumvi ya haluli katika ndoo ya maji kingeuondoa. Alilibonyeza tawi. Lilikuwa gumu. Lau shina lingekuwa linaoza kwa wingi wa maji, lingebonyea kama ndizi iliyokaa. Alilikwangua gome kwa ukucha, akaona kijani kibichi chini yake. Mti ulikuwa hai na wenye nguvu, wenye maradhi madogo madogo kama alivyo kila mzee mwenye afya njema.

Moyo wake ulianza kutulia. Ndipo alipoligeuza jani la tatu.

Mishipa yake ilikuwa ya zambarau.

Hidaya alilishika muda mrefu. Zambarau nayo ina milango mingi ya kuingilia. Baridi huweza kuileta. Uhaba wa fosforasi huweza kuileta, lakini huo huanzia ukingoni mwa jani na kulitapakaa lote. Ushahidi huanzia katika kikonyo na kufuata mishipa, kama maji yafuatavyo mifereji. Jani hili lilikuwa na vyote viwili. Mishipa ilikuwa imekolea, na ukingoni palikuwa na mabaka yaliyofifia, kana kwamba watu wawili wamelipaka rangi bila kushauriana.

Alikichomeka kisu kidogo katika kikonyo. Utomvu ulitoka mweupe na mzito. Akakinga tone moja kwa karatasi ya kupimia, akangoja. Utomvu wa mti mgonjwa hubaki mweupe juu ya karatasi hiyo. Utomvu wa mti unaoshuhudia hugeuka zambarau. Huu haukubaki mweupe wala haukugeuka zambarau. Ulikuwa na rangi ya ukucha uliobanwa mlangoni, siku yake ya pili.

Katika miaka yote ya kazi yake hakupata kuiona rangi hiyo.

"Bi Mwanate," sauti iliita kutoka upande wa pili wa ukuta, "huyo mgeni wako ni mkaguzi ama ni mposaji?"

"Ni mpwa wangu, Chausiku. Na posa kwa umri wangu itakuwa ya jeneza."

"Basi akimaliza hapo aje na kwangu. Mti wangu umeota vidung'ata weupe kama pamba. Niliwaambia wahame, hawasikii."

"Wapanguse kwa maji ya sabuni, Bi Chausiku," Hidaya alijibu, sauti yake ikimtoka nyepesi kuliko alivyotarajia. "Tumia kitambaa, si brashi. Ukisugua kwa nguvu utauchubua."

"Ahsante, mwanangu. Na huo wenu mzima?"

Bi Mwanate aliinuka kutoka kibarazani. Ndiyo mara ya kwanza asubuhi ile alipoinuka.

"Una kutu," Hidaya alisema.

"Kutu si neno. Wanangu hawa wananisumbua, kila siku lini arobaini, lini arobaini, wanataka kumbeba mtoto wa Zaituni. Nimewaambia ngojeni, mtoto si embe." Chausiku alicheka, na nyuma ya kicheko chake zikasikika ndoo zikigongana na watoto wakigombana ni nani achote kwanza. Tangi la maji lilikuwa moja kwa nyumba zote mbili, na bomba lake lilipita chini ya ukuta ule ule.

*

Lilibaki jambo moja la kukagua, nalo ni mizizi. Maji yakituama, mizizi huoza, na mzizi unaooza hudanganya mti mzima. Hidaya alichukua mwiko wa bustani, akapiga magoti, akaanza kufukua taratibu.

Udongo ulikuwa mwororo mno. Udongo usioguswa katika uwanda ule ulikuwa mgumu kama tofali. Huu uliingiwa na mwiko kama unga. Alifukua kidogo tena, akakutana na pindo la kanga lililoanza kuoza, lililofungwa fundo kwa uangalifu, na ndani yake hapakuwa na kitu tena isipokuwa weusi wa udongo na nyuzi za mizizi myeupe zilizokipenya kitambaa kutoka kila upande.

Hakuhitaji kuuliza. Hata hivyo, aliuliza.

"Shangazi, mlizika nini hapa?"

"Kondo la nyuma la mjukuu wangu," Bi Mwanate alijibu. "Na kitovu chake kilipoanguka, nacho kimo humo."

Hidaya alikaa chini juu ya udongo.

"Zaituni alijifungulia hapa? Si zahanati?"

"Hapa. Kitandani pangu. Mimi ndiye niliyempokea mtoto."

"Sheria inasema litiwe katika tanuri la zahanati."

"Naijua sheria, niliisomewa kwa kipaza sauti barabara nzima. Wewe kitovu chako kiko wapi, Hidaya?"

"Mji wa Chini."

"Chini ya maji, pamoja na msikiti na kaburi la mama yako. Changu pia. Cha Zaituni pia. Sisi sote ni watu ambao vitovu vyetu vinachezewa na samaki. Ndiyo maana tunalala hapa kama abiria. Nikasema huyu mmoja, huyu tu, atakuwa na kwao. Pasiwe tena mtu wa kumwambia hama." Akaongeza kwa sauti ya chini zaidi: "Sikuwa na mti mwingine wa kumzikia. Mmetuachia huu mmoja."

Hapakuwa na hasira katika maneno hayo, na ndiyo maana yalimchoma. Hidaya aliitazama mizizi iliyoshika kanga. Mti ulikuwa umefundishwa kutafuta katika maji machafu chembe moja ya damu ya binadamu iliyoguswa na homa, chembe iliyochanganyika na mapovu ya sabuni na jasho la nguo. Haukupata kufundishwa la kufanya utakapopewa damu yenyewe, fungu zima, ya mama na mtoto pamoja, iliyofungwa katika kitambaa na kuwekwa mdomoni mwake. Wataalamu hawakulijaribu jambo hilo kwa sababu Baraza lilikuwa limekwisha kuchoma kila kondo la nyuma, na haikuwapitikia ya kwamba mtu angeweza kuupa mti wa ushahidi kazi ya mti wa nyumbani. Kosa hilo lingeweza kufanywa na watu wa Mji wa Chini peke yao.

Basi ama mti ulisema kweli, na Mwanatumu alikuwa na homa. Ama ulikuwa umelewa damu, ukaropoka. Ama ulikuwa na baridi na njaa ya fosforasi, na damu haikuhusika kabisa.

Njia ya kujua bila kwenda Pumziko ilikuwapo, tena moja. Hukatwa tawi, likaachwa kivulini hata jeraha lake likauke na kufunga, maana kipando cha msanapichi kikipandwa kibichi huoza. Kisha hupandwa katika mchanga mkavu ulio safi, kikanyweshwa maji ya nyumba inayoshukiwa, na majani mapya yakatazamwa. Majani hayo yangetoka wakati wa vuli, kama yangetoka.

Alasiri ilikuwa leo.

*

Zaituni alitoka nje akiwa amejitanda kanga mbili, mtoto mikononi. Mamaye alimkemea.

"Rudi ndani. Mzazi hapigwi na upepo."

"Nimesikia yote, mama. Dirisha halina masikio lakini mimi ninayo." Akamgeukia binamu yake. Walikuwa wamelala kitanda kimoja utotoni, miguu ya mmoja ikielekea kichwa cha mwingine, na hapakuwa na haja ya salamu. "Hidaya, wewe ndiye uliyesomea. Sitaki sheria, sitaki miti. Niambie hili tu. Mwanangu ni mgonjwa au si mgonjwa?"

"Sijui."

"Ana joto?"

Hidaya alimgusa mtoto shingoni kwa mgongo wa kidole. Mwanatumu alikuwa na joto la mtoto aliyetoka kunyonya. Alipiga chafya, akakunja uso kama mzee aliyekerwa na kelele, akaendelea kulala.

"Hana. Lakini watoto huwa hawana. Ndiyo sababu inaitwa homa ya kimya."

"Basi ulisomea nini?"

 Hidaya alikuwa amesomea majani.

"Nikipelekwa Pumziko," Zaituni alisema, "nitakuwa naye?"

"Anyonyaye hufuatana na mamaye."

"Na huko atapimwa damu?"

"Atapimwa. Mashine iko huko tu."

"Ikionekana mzima, tutarudi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Hidaya aliwahi kuingia Pumziko, si mara moja. Walioshukiwa na waliothibitishwa hulazwa katika ukumbi mmoja, kwa kuwa kumbi nyingine hazikujengwa, na hapana atokaye hadi masika ipite. Aliyeingia mzima hakuwa na ahadi ya kutoka mzima. Baadhi ya waliopimwa wazima siku ya kwanza walipimwa wagonjwa baadaye, na Baraza liliandika kwamba mti haukukosea.

Hakuyasema hayo. Zaituni aliyasoma usoni mwake, akamkumbatia mtoto karibu zaidi.

"Sema kutu," Bi Mwanate alisema. "Si kutu ipo? Nimeiona kidoleni mwako. Hatukuombi useme uongo. Sema uliloliona, ukome hapo."

Kweli kutu ilikuwapo. Uongo huo ungekuwa umejengwa kwa kweli tupu, matofali yote halali. Angesema maradhi ya mti, Kioo kingeridhika, angekuja kesho na chumvi ya haluli na mbolea ya fosfati, na kipupwe kingelimalizia lililobaki kwa kuuvua mti nguo zake. Mti uliopukutika haushuhudii chochote hadi majani yarudi.

Ila Bwana Mbarouk naye alisema kutu. Alikuwa mkaguzi mwenzake, mtu wa heshima na mizaha, aliyekagua mti wa rafiki yake katika Mtaa wa Kaskazini. Pengine rafiki alimwomba, pengine aliona kutu kweli. Hakuna ajuaye, kwa kuwa hakubaki wa kuulizwa. Mtaa ule sasa ulikuwa na misanapichi iliyochanua vizuri kuliko yote mjini, na maua yake yalianguka barazani bila mtu wa kuyafagia.

"Ng'ambo ya ukuta huu kuna watoto wa Chausiku," Hidaya alisema. "Wanakunywa tangi moja nanyi."

"Na ndani ya ukuta huu kuna wa kwetu," shangazi akajibu.

Zaituni alikuwa akiutazama ukuta. "Mama, usimsukume," alisema hatimaye. "Akisema kutu kwa ajili yangu, kisha mmoja wa wale akafa, nitamtazama vipi Chausiku akija kunipa pole ya jambo jingine?" Kisha akamwangalia Hidaya machoni. "Lakini usiniulize nataka useme nini. Nikikuambia, nitakuambia la kumbakiza. Mimi ni mama yake. Usiniulize."

Hakumwuliza. Alipapasa tena majani yote aliyoweza kuyafikia, moja moja, akitafuta moja litakalomwonea huruma. Alipima utomvu wa tawi la juu, kisha wa tawi la chini, na karatasi ikamrudishia rangi ile ile ya ukucha. Alilichimbua fundo la kanga lote, ingawa alijua ya kuwa lililonyweka halichimbuliki. Kivuli cha mti kilihama kutoka ukutani, kikapita miguuni pake, kikaelekea lango.

*

Adhana ilipokwisha, Kioo kilisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Mkaguzi Hidaya binti Shee. Jani limeonekana. Taja: maradhi ya mti, au ushahidi."

"Sijui," Hidaya alisema.

"Jibu halikutambuliwa. Taja: maradhi ya mti, au ushahidi."

"Kuna damu mizizini. Kondo la nyuma limezikwa shinani. Mti huenda umedanganyika, huenda haukudanganyika. Naomba muda hadi vuli, nipande kipando. Nyumba ifungwe, sawa, wasitoke, maji yao yatengwe na ya jirani, lakini mtoto abaki na mamaye humu humu."

Kioo kilinyamaza kama kinachofikiri. Hidaya alijua ya kuwa hakifikiri.

"Maelezo yamepokewa, na yatahifadhiwa. Taja: maradhi ya mti, au ushahidi."

Alifungua kinywa aseme maradhi. Ng'ambo ya ukuta mtoto mmoja wa Chausiku alikuwa akiwafundisha wenziwe wimbo wa kuruka kamba, akiukosea, wakimcheka. Akafunga kinywa. Akakifungua tena aseme ushahidi. Zaituni alikuwa amekaa chini penye mlango, amempa mtoto titi, na kisigino kidogo kilikuwa kikipiga kanga taratibu, kama cha mtu anayengoja chakula mkahawani bila haraka. Neno likarudi lilikotoka.

Bi Mwanate alikuwa akimtazama. Hakumwomba tena. Alikuwa amekunja mikono kifuani, kama alivyoikunja zamani alipokuwa akingoja mpwa wake amalize kusoma aya bila kukosea.

Na Hidaya akanyamaza. Baadaye angejiambia kwamba hakuchagua. Lakini kanuni aliijua. Aliwahi kuiandika ubaoni kwa chaki, mbele ya wakaguzi wapya, akaipigia mstari.

"Mkaguzi hakujibu," Kioo kilisema. "Kwa mujibu wa kanuni, nyumba inahesabiwa kuwa imetolewa ushahidi. Ahsante kwa kazi yako."

*

Gari lilifika kabla jua halijazama. Wahudumu walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wenye makoti ya kijivu na barakoa, nao walikuwa na adabu. Yule mwanamke aliamkia shikamoo. Bi Mwanate hakumwitikia, kisha akaona aibu, akaitikia.

"Mtoto huyu hajatoka arobaini," alimwambia. "Asipigwe na upepo."

"Gari limefungwa pande zote, mama."

"Na huko?"

"Huko pia kumefungwa."

"Najua kumefungwa. Nauliza upepo."

 Bi Mwanate aliingia ndani, akarudi na wanja. Alimtia mjukuu wake doa la kijicho katika paji la uso, kubwa, jeusi, bila kutetemeka, kisha akampaka nyusi, kwa subira yote, wahudumu wakisubiri. Zaituni alikuwa amefunga nepi na nguo katika mtandio. Alipofika langoni alimgeukia Hidaya kana kwamba anataka kumwagiza kitu, jambo dogo la nyumbani, sufuria iliyoachwa au nguo iliyoanikwa. Hakuagiza. Akapanda.

Ng'ambo ya ukuta wimbo ulikuwa umekatika. Sauti ya Chausiku ilisikika mara moja, ikiwaita watoto waingie ndani wote, upesi, na mlango wake ukafungwa kwa komeo.

Mhudumu mwanamume alilibandika lango utepe wa zambarau kwa nje. Kabla ya kulifunga alimwangalia Hidaya, akaiangalia mikono yake iliyojaa udongo hadi viwikoni.

"Mkaguzi, uliugusa mzizi?"

"Niliugusa."

"Basi unaijua kanuni: aliyegusa mzizi hatoki."

"Naijua."

Alikiondoa Kioo shingoni pake kwa kijiti kirefu, akakitia katika mfuko wa plastiki, akamwomba radhi. Kisha lango likafungwa.

Wanawake wawili walibaki uani.  Hidaya alirudisha udongo shinani kwa viganja, akaushindilia, kwa kuwa hakuweza kuuacha mzizi wazi, hata mzizi ule.

"Ungesema ushahidi," Bi Mwanate alisema nyuma yake, "ningekuchukia kwa ulilolisema. Ungesema kutu, ningekuombea dua hadi kufa kwangu, hata kama tungekufa sote. Sasa umenyamaza. Nikuchukie kwa lipi?"

"Shangazi, mimi—"

"Usiseme sasa. Wakati wa kusema umepita."

Aliingia jikoni. Zikasikika sauti za kawaida: mfuniko, upawa, bakuli likifutwa kwa ncha ya kanga. Alipotoka alikuwa amebeba bakuli linalofuka, akaliweka juu ya mkeka mbele ya Hidaya. Ulikuwa uji wa pilipili manga, mweusi kwa viungo, wenye samli iliyoelea juu, uji apikiwao mwanamke aliyejifungua ili maziwa yashuke.

"Nawa mikono, ule," alisema. "Niliupika asubuhi. Mwenyewe hayupo, na chakula hakitupwi."

Hidaya alinawa, akala. Shangazi alisimama kando yake na upawa mkononi, akingoja amalize. Uji ulikuwa mkali, ukamwasha koo, na kila alipodhani amefika chini ya bakuli, Bi Mwanate aliinama akamwongeza.